Kabla ya kupandikizwa kiinitete kilichogandishwa: siku zinahesabiwa kuanzia projesteroni

Kiinitete, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kukua maabara, hakina haraka. Kikishagandishwa kinakaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na huko hakizeeki. Mwenye ratiba ni mfuko wa uzazi, na unakipokea siku chache tu katika mzunguko. Kwa hiyo tarehe usiipange kwa likizo ya kazini wala kwa safari ya mume kurudi kutoka Dodoma.

Lipa ada ya kuhifadhi mapema. Fomu za ridhaa msaini wote wawili kabla mmoja hajasafiri. Kama una polipu (kinyama kinachoota ndani ya mfuko wa uzazi) au mirija ya uzazi imejaa maji, hilo lishughulikiwe kwanza.

Uliza kiinitete chako kiligandishwa siku ya ngapi tangu kurutubishwa, ya 3 au ya 5, na jibu liandike. Uliza pia kama utatumia mzunguko wa asili au wa dawa. Wa asili unafaa kama hedhi yako haiyumbi: wanafuatilia yai mpaka lipevuke, na cha siku ya 5 kinawekwa siku kama 5 baadaye. Kwa dawa, unaanza estrojeni, homoni ya kunenepesha ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, siku ya 2 au ya 3 ya hedhi, unaendelea takriban wiki 2, kisha wanapima kwa ultrasaundi. Kliniki nyingi zinataka unene wa ukuta huo ufike angalau milimita 7. Ukiwa bado, kubali kuahirisha, maana kiinitete hakipungukiwi kitu. Ukiwa tayari unaanza projesteroni, homoni ya kuuandaa ukipokee kiinitete, na hapo ndipo saa inapoanza kuhesabu. Kwa kawaida kiinitete cha siku ya 5 kinawekwa siku ya 6 ya projesteroni.

Hapo ndipo wifi yangu alipoumia. Aliambiwa aanze projesteroni Jumamosi usiku, apandikizwe Alhamisi. Cheti cha dawa kilikuwa kwenye mkoba wiki nzima. Jumamosi jioni akazunguka maduka ya dawa ya Mbezi, hapa Dar: la kwanza hawana, la pili hawana, la tatu wana za kipimo kingine. Jumapili ikapita. Jumatatu akazipata Upanga, akaanza usiku ule, na hakumwambia mtu, kwa kuwa tarehe ya Alhamisi ilikuwa imeshaandikwa kwenye kadi. Alhamisi yuko kitandani, kibofu kimejaa maji kama alivyoelekezwa, ndipo nesi anamuuliza, "Dada, projesteroni ulianza lini?" Akajibu Jumatatu. Nesi akaweka kalamu chini, akatoka bila kusema neno. Kiinitete kilikuwa kimeshayeyushwa asubuhi ile, nacho kilikuwa kimoja tu. Daktari akawapa njia mbili: kukiweka kwenye mfuko ambao bado uko siku ya 4, au kukigandisha upya, jambo lenye hatari zake. Wakachagua kugandisha. Kilipoyeyushwa mara ya pili hakikuendelea. Swali lile lilipaswa kuulizwa kabla ya kuyeyusha, na mpaka leo linaniuma.

Basi nunua projesteroni yote kabla hujameza hata kidonge cha kwanza cha estrojeni, ikutoshe kupita siku ya kipimo cha mimba. Soma kwenye boksi inatunzwaje, maana joto la Dar linayeyusha vidonge vya kuweka ukeni. Ukianza, mtumie nesi ujumbe usiku huohuo: tarehe na saa. Ukisahau dozi piga simu saa ileile, usijiongezee mwenyewe. Na asubuhi ya kupandikizwa, kabla maabara hawajagusa kitu, wapigie useme: "Nilianza Jumamosi saa 2 usiku, leo ni siku ya 6, sijakosa dozi." Wakikuona msumbufu, waache wakuone hivyo.

Toka nyumbani mapema. Wakati wa masika Jangwani ikijaa maji barabara ya Morogoro inafungwa, na anayetoka Kigamboni asitegemee pantoni peke yake. Maji ya kujaza kibofu yanywe ukishakaribia, usiyanywe Kimara halafu ukakaa kwenye foleni ya Ubungo umebana.

Baada ya hapo huna haja ya kulala kitandani siku nzima. Mitishamba ya kusafisha kizazi achana nayo, hata kama mama mkwe ndiye kaileta, na dawa yoyote ya dukani iulizie kwanza. Subiri kipimo cha damu siku waliyokupangia. Ukiona matone ya damu usiache dawa, na kipimo kikisoma mimba usiache pia. Kwenye mzunguko wa dawa hakuna yai lililopevuka, kwa hiyo mwili wako hautengenezi projesteroni ya kutosha mpaka kondo la nyuma lishike kazi, na wengi huendelea na dawa mpaka wiki ya 10 au 12. Atakayekwambia uache awe daktari wako, na hesabu dawa zilizobaki kila Ijumaa ili wikiendi isikukute boksi likiwa tupu.