Mafuta ya cheni yanatakiwa ndani, si nje

Cheni ya baiskeli huchakaa kuanzia ndani. Kila kiungo kina pini inayopita katikati ya rola ndogo, na cheni inapojikunja kwenye meno ya spoketi (magurudumu yenye meno yanayobeba cheni), msuguano mwingi uko kwenye pini hizo. Mafuta yanayobaki nje hunasa vumbi na mchanga tu, na mchanganyiko huo husaga chuma kama msasa.

Kwa hiyo futa kwanza: shika cheni kwa kitambaa kikavu, zungusha pedali kinyumenyume mpaka weusi upungue. Uchafu ulioganda, sugua kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo, kisha acha ikauke kabisa. Tia tone moja la mafuta mepesi kwenye kila rola, zungusha, subiri dakika chache, halafu futa tena yote yaliyobaki nje. Tafadhali usiiruke hatua hii ya mwisho! Grisi usipake, ni nzito mno kupenya.

Ukiwa na rula, pima pini 25 mfululizo, katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho. Cheni mpya ni milimita 304.8. Ikifika 307 hivi, ibadilishe kabla haijala meno ya spoketi.