Namna ya kusafisha kitovu na kukikausha

Wengi huoga kila siku na kitovu kikapitwa. Povu linateremka juu yake, taulo linapita juu juu, nguo inavaliwa. Ndani ya shimo hubaki maji, sabuni isiyosuuzwa, jasho na ngozi iliyokufa, na humo ndimo fangasi na bakteria wanapostawi. Ukikosa muda wa yote yaliyomo hapa, shika moja tu: kausha.

Kitovu kilichotokeza hakina shida, kioshe kama sehemu nyingine ya tumbo. Kilichozama ndicho chenye kazi. Simama mbele ya kioo, vuta ngozi pande mbili kwa vidole, uone mikunjo inaishia wapi.

Wakati wa kuoga, zungushia kidole cha shahada kitambaa laini kilicholowa maji ya vuguvugu, tia tone moja la sabuni isiyo na manukato, uzungushe taratibu ndani mara tatu au nne. Suuza mpaka utelezi uishe. Ukishatoka kuoga, vuta tena ngozi na ugusishe ncha kavu ya taulo bila kusugua. Kama shimo ni refu, ingiza kijiti kikavu cha pamba, kiache sekunde chache kinyonye maji. Kikitoka kimelowa, chukua kingine, na usivae mpaka kitoke kikavu. Baada ya mazoezi yenye jasho jingi au kuogelea, rudia kukausha.

Mara moja kwa wiki, safisha kwa kina. Chemsha maji, yaache yapoe, pima mililita 250 na ukoroge humo chumvi isiyofika nusu kijiko cha chai. Chovya kijiti cha pamba, pitisha kwenye kila mkunjo, tupa kikichafuka. Maliza kwa maji matupu, kisha kausha.

Spiriti na haidrojeni peroksaidi usizifanye desturi. Hukausha na kuchoma ngozi, na ngozi iliyochanika ni mlango wa maambukizi. Wala hakuna haja ya kuua kila kijidudu: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta aina zaidi ya 2,000 za bakteria katika vitovu 60, na wengi wao huishi nasi bila kutudhuru.

Nongo iliyokaa muda mrefu hugeuka nyeusi na ngumu, wakati mwingine kama kokoto. Usiichokonoe kwa pini, kucha wala kibanio. Dondosha matone 2 au 3 ya mafuta ya zeituni au ya mtoto, lala chali dakika 10 hadi 15, kisha futa kwa kijiti cha pamba na uoshe mafuta yote kwa sabuni. Kinachogoma leo kiache, urudie kesho. Kisipolegea baada ya siku kadhaa, nenda kituo cha afya wakakitoe kwa vifaa vyao, maana kukivuta kwa nguvu huondoka na ngozi.

Nyuzi za nguo zinazojikusanya humo huvutwa na vinyweleo vya tumbo. Hazina madhara, zitoe tu; ukinyoa vinyweleo zitapungua. Losheni nayo paka tumbo zima lakini ruka shimo, kwani hufungia unyevu ndani.

Aliyetoga kitovu avumilie: jeraha huchukua miezi 6 hadi 12 kupona. Aoshe kwa maji yale yale ya chumvi, asizungushe kipini. Na mwenye mshono wa upasuaji kitovuni afuate maelekezo ya daktari wake, asitumie haya.

Harufu kidogo inayoisha baada ya kuosha ni nongo tu. Wekundu wenye unyevu, mwasho na vipele vidogo pembeni kwa kawaida ni fangasi. Krimu ya klotrimazoli asilimia 1, tabaka jembamba mara 2 kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, kwenye ngozi iliyokaushwa, mara nyingi hutosha. Kosa la kawaida ni kuacha dawa mwasho unapoisha, na fangasi wanarudi.

Usaha wa njano au kijani, maumivu, joto, wekundu unaotambaa au homa: muone daktari, upesi zaidi kama una kisukari. Majimaji yanayotoka kila mara kitovuni kwa mtu mzima nayo yachunguzwe, kwa sababu huenda kuna njia iliyobaki wazi kati ya kibofu na kitovu tangu kuzaliwa. Uvimbe unaojitokeza ukikohoa na kurudi ukilala huenda ni ngiri, ukapimwe. Ukiwa mgumu, unauma, haurudi ndani na unatapika, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo.