Mkomamanga wa bonsai kwa makoro ya Goma

Kabla ya kutafuta mche wa bonsai, yaani mti unaofugwa mfupi chunguni kwa makusudi, andaa udongo. Mkomamanga ukiwa chunguni huvumilia jua kali, huvumilia hata kusahauliwa siku mbili tatu, lakini mizizi yake ikikaa ndani ya maji inaoza. Bahati nzuri, changarawe ya volkano ambayo wapenzi wa bonsai wa nchi nyingine huinunua ikiwa kwenye mifuko, Goma unaikanyaga kila siku.

Okota mawe mawili ya makoro, yaani lava iliyoganda. Moja zito, jeusi, limeshikana kama chuma. Jingine jepesi, limejaa vitundu kama mkate, mara nyingi ni la rangi ya kahawia au jekundujekundu. Tunataka hilo la pili: vitundu vinashika maji kidogo, na nafasi kati ya punje inapitisha hewa. Lile zito lijengee ukuta. Vunja hayo mepesi kwa nyundo juu ya gunia, macho yakiwa na miwani, maana vipande hivi hukata kama chupa. Chekecha kwenye wavu wa mbu wa dirishani na utupe vumbi lote linalopita. Hilo ndilo hushuka chini ya chungu na kuganda kama simenti. Baki na punje za milimita 2 hadi 6, uzioshe. Changanya makopo 7 ya punje, makopo 2 ya mboji iliyooza kabisa na kopo 1 la makaa yaliyovunjwavunjwa. Jaza chungu, mwagia lita moja ya maji. Yakisimama juu zaidi ya sekunde chache, vumbi bado limo: osha upya.

Mche unaotokana na mbegu huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua, na haufanani lazima na mama yake. Kipandikizi ni bora. Ukiweza kuchagua, chukua aina fupi iitwayo Nana, kwa sababu majani ya mkomamanga hupungua ukubwa chunguni lakini tunda halipungui, na komamanga la kawaida kwenye mti wa sentimita 30 litavunja tawi. Kata tawi nene kama kalamu, urefu wa sentimita 20, lililokomaa kiasi. Chini kata mshazari, juu kata sawasawa, usije ukalipanda kichwa chini. Lifukie hadi nusu kwenye punje tupu, bila mboji, lifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, kisha uliweke kivulini kwa wiki 6 hadi 8. Usilivute kuangalia kama limeota mizizi. Kila ukivuta unaanza upya.

Shina halinenepi kwenye chungu kidogo. Kata bido la manjano la lita 20 kwa ubavu, upate beseni la kina cha sentimita 12, toboa matundu kumi kwa msumari uliopashwa moto, na mti uishi humo miaka 3 au 4, kwenye jua saa 6 kwa siku au zaidi. Goma iko mita 1.500 hivi juu ya usawa wa bahari na mawingu hayatuhurumii, kwa hiyo uweke karibu na ukuta wa mawe meusi: mchana ukuta unakunywa joto, usiku unalirudisha. Machipukizi yanayotoka kwenye kitako yang'oe yangali laini, la sivyo utapata kichaka, na shina lenyewe litabaki jembamba.

Uzuri wa mti huu ni shina lililojisokota. Wajapani wana neno lake, nejikan. Msokoto unaanzishwa mapema, shina likiwa halijazidi unene wa kidole kidogo, maana mti uliokomaa hauinami: unavunjika. Waya wa shaba wa umeme wa nyumba unatosha. Vua plastiki yote kwanza. Ule unaouzwa kama 1,5 (milimita za mraba) una unene wa karibu milimita 1,4 na ule wa 2,5 karibu 1,8. Chagua wenye unene wa theluthi moja ya tawi. Uweke juu ya makaa hadi uwe mwekundu hafifu, kisha uache upoe. Shaba inalainika, halafu inakuwa ngumu tena kadiri unavyoipinda, hivyo amua umbo kabla hujagusa. Funga shina kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, zungusha waya kwa mshazari wa digrii 45, kisha pinda polepole kuelekea upande uleule wa mzunguko. Angalia kila wiki. Waya ukianza kuzama kwenye gome, ukate vipande vipande. Ukiufungua kwa kuuzungusha utavunja tawi.

Ukipogoa, acha kisiki cha sentimita 1 juu ya jicho, kwa sababu mkomamanga hukauka kurudi nyuma. Kisiki kikishakufa ndipo ukisafishe. Kosa linalouma zaidi liko chini: sehemu ya shina hulishwa na mizizi ya upande wake, hivyo ukikata mzizi mnene, ukanda mzima wa gome juu yake unaweza kukauka. Badilisha udongo kila miaka miwili, mwishoni mwa Agosti, mvua zikikaribia. Punguza mizizi myembamba kwa theluthi, ile minene uifupishe kwa awamu, halafu kivuli wiki mbili.

Maji nayo yana mambo yake. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvichumvi na magadi, pH yake ni karibu 9. Ukimwagilia hayo tu, ukoko mweupe wa chumvi utaonekana kwenye ukingo wa chungu, na majani machanga yatakuwa ya manjano huku mishipa ikibaki ya kijani: mti unakosa chuma ingawa kimo kwenye udongo. Mara moja kwa wiki suuza chungu kwa maji mengi ya mvua. Ila volkano ya Nyiragongo ikitoa moshi kuelekea kwako, mvua inakuwa na asidi na majani huungua kingo, basi mvua ya kwanza kutoka kwenye mabati imwage.

Maua hutoka kwenye ncha za vijitawi vipya. Anayebanabana ncha mwaka mzima hatayaona. Acha kukata tangu mvua za Septemba zianze. Maua yenye umbo la kengele huanguka yenyewe, usihangaike. Yenye kitako kilichovimba kama mtungi ndiyo hufanya tunda. Bakiza moja tu kwa mti, na umwagilie kwa kipimo kilekile kila siku: chungu kikikauka kisha kikafurika ghafla, ganda hupasuka.