Bima ya nyumba: jinsi ya kukata usije ukalia siku ya madai

Mi ni wakala wa bima hapa Dar, na wateja wangu wakishaunguliwa kinachowaliza zaidi ni ile namba ya thamani ya nyumba waliyojaza wenyewe kwenye fomu. Haya twende.

Hatua ya 1: piga hesabu ya kujenga upya
Sio bei ya kuuza! Kiwanja hakiungui, kitoe. Muite fundi au mthamini akupigie tofali, nondo, bati, ufundi, mpaka kuzoa kifusi, kwa bei za leo. Wengi wanashusha hapa ili walipe ada kidogo na ndo wanajimaliza. Tuseme kujenga upya ni milioni 120, we ukaandika 60, afu jiko likaungua, hasara milioni 20. Utasema si iko chini ya 60, nitalipwa yote? Wapi! Umekatia nusu unalipwa nusu, milioni 10, na bado kampuni haijakata kile kipande cha hasara unachobeba mwenyewe.

Hatua ya 2: tenganisha jengo na vya ndani
Kuta, paa, milango ni jengo. Tivii, friji, makochi vinaandikwa peke yake. Mpangaji we kata vya ndani tu, jengo muachie mwenye nyumba.

Hatua ya 3: uliza visivyolipwa
Moto na radi kwa kawaida vimo. Mafuriko usijipe moyo, mwambie wakala akuonyeshe kwa kidole yalipoandikwa, hasa kama unakaa bondeni. Mchwa, bati lililooza, nyufa za uzee, sahau. Wizi mara nyingi wanataka alama za kuvunja, sasa kama mlango uliacha wazi mtabishana sana. Na nyumba ikikaa tupu muda mrefu toa taarifa, mikataba mingi ina kikomo cha siku.

Hatua ya 4: lipa, afu hakiki
Pesa iende kwenye akaunti ya kampuni, sio simu ya wakala, hata wakala akiwa mimi. Kisha angalia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kama bima yako inasoma.

Hatua ya 5: likitokea
Piga simu siku hiyohiyo, piga picha, chukua RB polisi (namba ya taarifa uliyotoa) na ripoti ya zimamoto. Usitupe kitu. Kuna mama mmoja aliona aibu ya masizi, mkaguzi anafika jiko limeshapakwa rangi linang'aa, ikabidi tuanze kuokoteza ushahidi kwenye picha za simu za majirani.