Kuchoma mechi ya timu yako kwenye DVD bila sauti kuachana na picha

Wiki iliyopita kijana anayerekodi mechi za timu yetu alinijia na diski kumi mkononi. Tukaweka moja kwenye deki. Mwanzo safi kabisa. Kufika dakika ya 40 goli linaingia, nyavu zinatikisika, mashabiki wanaruka mikono juu, na kimya. Shangwe inasikika sekunde tatu baadaye, wachezaji wakiwa wameshaanza kurudi kati. Diski zote kumi ni hivyo hivyo. Nilicheka kidogo tu, maana kosa hilo hilo liliwahi kunikosesha usingizi.

Kabla ya yote: nazungumzia mechi uliyorekodi mwenyewe kwa ruhusa ya timu zinazocheza. Mechi ya televisheni ina wenyewe, na kuidurufu ugawie watu ni habari nyingine ambayo siifundishi hapa.

Hatua ya 1: Rekodi

Stendi ni lazima. Simama usawa wa mstari wa kati, juu kadiri utakavyopata, simu ikiwa imelazwa kwa ubavu. Zumu achana nayo. Anayetazama anataka kuona beki wa pembeni anapanda, siyo jasho la mshambuliaji. Simamisha kurekodi wakati wa mapumziko ili kila kipindi kiwe na faili lake.

Kama deki za wenzako ni za PAL (mmoja wa mifumo ya picha za televisheni), na simu yako inaruhusu, rekodi kwa picha 25 au 50 kwa sekunde. PAL inaonyesha picha 25 kwa sekunde. Ukirekodi 30, kompyuta italazimika kutupa baadhi, na mpira unaosafiri kutoka winga hadi winga utaonekana unarukaruka.

Hatua ya 2: Hamishia kwenye kompyuta

Kwa waya. Usijitumie kwa programu za kuchati, zinaikamua video.

Hatua ya 3: Nyoosha kasi ya picha

Hapa ndipo diski kumi za kijana zilipofia, kwa hiyo tuende polepole.

Simu nyingi hazirekodi kwa kasi moja. Jua likiingia wingu au jioni ikikaribia, simu inapunguza idadi ya picha kwa sekunde ili ipate mwanga wa kutosha, kisha inapandisha tena. Sauti yenyewe inatembea kwa mwendo ule ule. Ukicheza faili hilo kwenye simu au kompyuta huoni tatizo, kwa sababu kila picha imeandikiwa muda wake na kichezeo kinaufuata. Lakini baadhi ya programu za kuhariri hazijali muda huo. Zinahesabu picha tu, zikiamini kila sekunde ina 30. Pale zilipopungua, video inafupika, picha inatangulia, sauti inabaki nyuma. Na pengo linaongezeka kadiri mechi inavyosonga.

Usifanye nilichofanya mimi: niliichukua sauti nikaibana ilingane. Dakika ya 40 ikakaa sawa, nikafurahi, nikarudi dakika ya 20 nikakuta sasa filimbi inalia kabla refa hajaiweka mdomoni. Kasi haikubadilika kwa kiwango kimoja, hivyo huwezi kuitibu kwa kipimo kimoja. Lakini ikiwa pengo ni lile lile tangu mwanzo hadi mwisho, huo ni ugonjwa mwingine, na hapo kusogeza sauti kunatosha.

Dawa ni kubadili faili liwe na kasi moja kabla hujalipeleka kwenye programu yoyote ya kuhariri. Mimi natumia ffmpeg, programu ya bure ya kugeuza video kwa kuandika amri:

`ffmpeg -i kipindi1.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 5500k -b:a 224k kipindi1.mpg`

Mstari huo unafanya kazi tatu kwa mpigo: unasoma muda wa kila picha na kuweka 25 kwa sekunde, unapunguza ukubwa kuwa 720 kwa 576, na unageuza video kuwa MPEG-2, ambayo ndiyo lugha ya deki. Kwa deki za NTSC, mfumo mwingine wa televisheni, kama za Marekani na Japani, andika ntsc-dvd. Rudia kwa kipindi cha pili.

Anayeogopa kuandika amri atumie programu ya HandBrake, achague kasi ya picha isiyobadilika. Ila HandBrake haitengenezi DVD, inakupa MP4 iliyonyooka tu, na itabidi igeuzwe tena mbele ya safari. Kubanwa mara mbili kunaumiza nyasi. Uwanja unageuka uji wa kijani. Ndiyo maana nang'ang'ania ffmpeg.

Kisha pima. Tafuta mkwaju wa goli wa dakika za mwanzo na mwingine wa dakika za mwisho, usikie kishindo cha mguu kwenye mpira. Vyote viwili vikilingana, endelea.

Hatua ya 4: Hesabu nafasi

Diski ya kawaida inabeba GB 4.7, ingawa kompyuta inaweza kukuonyesha 4.38 kwa sababu ya namna inavyohesabu. Mechi nzima pamoja na dakika za nyongeza ni kama dakika 100. Kwa kiwango nilichoandika kwenye amri ya hapo juu (kilobiti 5500 za picha na 224 za sauti kwa kila sekunde) utapata kama GB 4.3, na nafasi ya menyu inabaki. Zikiongezwa dakika 30, shusha 5500k hadi 4000k, au tumia diski mbili. Mimi hutumia mbili.

Hatua ya 5: Menyu na sura

Programu ya DVDStyler inatosha. Weka vipindi viwili, kisha alama za sura (mahali pa kurukia kwa rimoti) kwenye magoli na penalti. Alama ikae sekunde kumi au kumi na tano kabla ya goli. Raha iko kwenye pasi iliyolizaa. Muziki usiweke. Kelele za uwanjani ndizo muziki, na wimbo wa mtu nao una mwenyewe.

Hatua ya 6: Choma

Tumia DVD-R, deki kuukuu zinaipokea vizuri. Kasi iwe 4x au 8x hata kama diski imeandikwa 16x. Ruhusu programu ikague diski baada ya kuchoma, na hakikisha diski imefungwa (programu huita finalize), la sivyo deki itakataa kuisoma. Ukifungua diski lazima uone folda ya VIDEO_TS. Ukiona MP4 imekaa peke yake, umechoma data, hujachoma DVD ya video.

Choma moja tu kwanza. Ipeleke kwenye deki kuukuu kuliko zote unazozifahamu na uitazame dakika kumi za mwisho. Kijana alichoma kumi ndipo akajaribu.

Hatua ya 7: Andika na ugawe

Kalamu laini ya wino, siyo ya kukwaruza. Karatasi za kubandika ziache, zinaifanya diski iyumbe ikizunguka. Andika timu na tarehe. Matokeo usiandike: kuna aliyekosa mechi na bado hajaambiwa.