Choo kinachobana maji kinalipa? Pima kwanza hicho ulichonacho

Watu wengi wanaingia dukani wanaona choo cha batani mbili, wanaambiwa hiki kinabana maji, wanalipa, na cha nyumbani kwao hawajawahi hata siku moja kukipima. Sasa utajuaje umeokoa nini? Anza na kupima, dakika kumi tu. Funga ile koki ndogo inayoingiza maji kwenye tanki, chora mstari kwa penseli pale maji yalipoishia, flashi, halafu jaza tena kwa jagi la lita moja huku unahesabu mpaka yafike kwenye mstari. Hizo ndo lita unazomwaga kila mtu akitoka chooni (ukweli ni zaidi kidogo, manake tanki likiwa linajaa kuna maji mengine yanapitiliza kwenda kwenye bakuli).

Ukikuta lita 13 kwenda juu hicho ni cha zamani, kibadilishe. Viko vinavyokula mpaka 20. Marekani walipitisha sheria mwaka 1992 vyoo vipya vya nyumbani visizidi kama lita 6, na siku hizi vipo vya 4.8 vinavyofanya kazi vizuri kabisa. Batani mbili ilitokea Australia miaka ya 1980, za mwanzo zilikuwa lita 11 kwa haja kubwa na 5.5 kwa ndogo, sasa hivi utakuta 6 kwa 3, au 4.5 kwa 3.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuseme mtu anaflashi mara 5 kwa siku na nyumba ina watu 5, hizo ni mara 25. Kwa choo cha lita 13 ni lita 325 kila siku. Kwa batani mbili ya 6 kwa 3, kila mtu akibonyeza kubwa mara moja na ndogo mara nne inakuja lita 18, nyumba nzima 90. Umeokoa lita 235 kwa siku, kwa mwezi inapita lita 7,000, yaani yuniti 7 za mita. Zidisha kwa bei ya yuniti unayolipa, ongeza na ya maji taka kama unatozwa, halafu chukua gharama ya choo pamoja na ya fundi ugawanye kwa hicho ulichopata, utajua miezi mingapi hela yako itarudi. Lakini kama tayari una cha lita 6 na unataka kuhamia 4.8, nyumba hiyohiyo itaokoa lita 30 tu kwa siku, haifiki hata yuniti moja kwa mwezi, kwa hiyo usikiguse mpaka kife chenyewe. Na ukiwa unaishi peke yako subiri sana kuona faida.

Kabla ya yote hayo angalia kama choo kinavuja, na hapa naomba usipuuze kabisa, manake choo kinachovuja kimyakimya kinaweza kumwaga mamia ya lita kwa siku na kikala faida yote ambayo choo kipya kingekupa. Weka matone ya rangi ya chakula ndani ya tanki, usiflashi, rudi baada ya robo saa. Ukiona rangi imeshuka kwenye bakuli basi ule mpira wa chini ya tanki unaozuia maji umechoka, badilisha, ni kitu cha bei ndogo mno.

Halafu kuna lile la watu kusema vyoo hivi vinaziba na lazima uflashi mara mbili. Hawasemi uongo, vya mwanzo vingi vilikuwa hivyo kwa sababu watengenezaji walipunguza maji bila kubadilisha umbo la bakuli. Vya sasa vimechorwa upya, na tangu 2003 kuna kipimo kinaitwa MaP, wanaflashi uji mzito wa soya kuona choo kinabeba gramu ngapi kwa mara moja, mpaka 1,000. Kama cha kwako kina namba hiyo angalia, mi nisingenunua chini ya 500. Kama hakina, angalia njia ya kutokea uchafu iwe pana na imepakwa ile ngozi laini ya kung'aa mpaka ndani.

Bomba nalo lina maneno yake. Kama la maji taka ni refu sana na limelala bila mteremko wa kutosha, maji machache hayasukumi uchafu mpaka mwisho, utabaki umeganda njiani. Mwite fundi bomba aangalie mteremko kwanza, asije akafunga choo kizuri juu ya bomba baya.

Huna hela ya choo kipya? Shusha boya kidogo, au weka chupa ya plastiki iliyojaa maji ndani ya tanki mbali na boya na mpira. Tofali hapana, linamomonyoka na chembe zinaingia kwenye valvu. Ukiona unaanza kuflashi mara mbili umepunguza kupita kiasi, itoe. Na kama utanunua cha batani mbili, muulize muuzaji papo hapo kama mpira wa ile valvu unapatikana peke yake, manake ndo kitu cha kwanza kuchoka, na ukikosekana utaanza kuvuja upya.