Somo: Kutenganisha Haki na Nguvu Unapoandika Kisa cha Shujaa

Methali zetu mbili zinavutana. Moja husema mwenye nguvu mpishe; nyingine husema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Visa vingi vya mashujaa ninavyoletewa hapa Mtwara na waandishi chipukizi vimeandikwa kwa methali ya kwanza, huku mwandishi akiamini kuwa ameifuata ya pili: shujaa anashinda pigano, na kwa kuwa ameshinda, sisi wasomaji tunatakiwa tukubali kwamba tangu mwanzo alikuwa na haki. Hatua zifuatazo ni za kurekebisha kosa hilo.

Hatua ya kwanza: andika dai la shujaa kwa sentensi moja, bila kutaja nguvu zake. Mwandishi mmoja aliniletea kisa cha kijana awezaye kunyanyua gunia la korosho kwa mkono mmoja, ambaye anamkuta karani wa ghala akiwapunja wakulima, anamtupa nje kupitia dirishani, na kijiji kizima kinapiga vigelegele. Nilipomwomba aandike dai la kijana huyo, aliandika kwamba amechoshwa na dhuluma. Hiyo ni hasira, haijawa dai. Dai ni kwamba mizani inasoma pungufu, na mkulima anastahili kulipwa uzito alioubeba hadi pale ghalani.

Hatua ya pili: mwache adui ashinde, uone kinachobaki. Tuseme karani ndiye anayembwaga kijana. Ikiwa msomaji hana tena sababu ya kuwa upande wa kijana, haki yake ilikuwa kwenye misuli tu. Katika kisa kile ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu mwandishi hakuwahi kutuonyesha hiyo mizani.

Hatua ya tatu: ushahidi utangulie pigano. Tulikiandika upya pamoja. Kijana anaingia na jiwe la kupimia la kilo 10 alilolifunga kwenye kanga kuukuu ya mama yake, analitundika kwenye ndoano, mshale unatikisika, kisha unatulia kwenye 9. Hakuna anayesema neno. Karani analitundua jiwe, analiweka chini taratibu, anafuta kiganja kwenye suruali na kuita jina linalofuata daftarini. Haki imekwishaonekana, na bado haijashinda chochote.

Hatua ya nne: mwishoni, hesabu ya haki isifungwe kwa hesabu ya ushindi. Hii ndiyo ngumu, na mfano wake uko jirani na sisi: Vita vya Majimaji. Mwishoni mwa Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, Kilwa, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima chini ya utawala wa Wajerumani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa maji yaliyoaminiwa kwamba yatageuza risasi kuwa maji. Alinyongwa Agosti mwaka huohuo, na vita vikaendelea bila yeye hadi 1907. Risasi hazikugeuka. Anayepima haki kwa nguvu atasema kushindwa kwa maji kulihukumu kila kitu. Ilhali kilichothibitika ni kwamba dawa ile haikuwa na nguvu iliyoahidiwa, wala hakuna risasi iliyowahi kuthibitisha kuwa ni haki kumlazimisha mtu alime pamba asiyoila huku shamba lake la chakula likiota magugu. Ebrahim Hussein, mwandishi wa Tanzania, aliliona jambo hili: katika tamthilia yake ya Kinjeketile, shujaa anakataa kuyakana maji kwa kuhofu kwamba akiyakana, watoto watafundishwa kuwa baba zao walikosea kupigana. Anazifunga hesabu mbili kwa kamba moja, akijua anachofanya, na kwa maoni yangu uchungu wote wa mwisho ule unatoka hapo.

Maswali ya wanachama wa kundi letu la waandishi

Mwanachama wa Newala: Shikamoo Mwalimu. Wasomaji wangu wanataka mwovu apigwe. Nikiwanyima, si wataniacha?

Jibu: Marahaba. Mpige tu, sikukataza pigano. Ila ngumi ije baada ya mshale wa mizani, tena iwe na gharama. Kijana akimvunja karani mkono, kesho asubuhi nani ataandika majina ya wakulima?

Mwanachama wa Kilwa Kivinje: Na Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za Waswahili, je, Mwalimu? Yeye anasifiwa kwa nguvu zake.

Jibu: Ni kweli, na sioni faida ya kumfanya mtakatifu. Lakini tazama anavyokufa. Mwanawe, aliyerubuniwa na mtawala kwa ahadi, anamchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Liyongo anakwenda kufia kisimani amepiga goti, upinde mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Mtawala amepata alichotaka, na hakuna anayemwimbia. Huo ni ushindi usio na haki, umesimuliwa bila mahubiri hata ya mstari mmoja.

Mwanachama wa Masasi: Je, adui naye apewe hoja?

Jibu: Apewe, ndugu yangu, tena nzito. Mpe karani mshahara uliochelewa miezi 3 na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Msomaji amhurumie hadi akose raha. Kisha mrudishe ghalani, jiwe litundikwe tena, na mshale usome 9 ileile.